Bomba la Dizeli la Hilux ya Mwaka 1994: Shajara ya Matengenezo, Kigoma

14 Juni 2025: Dalili, na filta niliyoibadilisha bure

Gari ni pikapu aina ya Toyota Hilux ya mwaka 1994, ya dizeli, yenye injini ya 3L ya sentimita za ujazo 2,779. Nililipata kwa mjomba wangu, ambaye kwa miaka mingi alilitumia kubeba chumvi kutoka Uvinza kuileta Kigoma mjini, na habari hiyo ya chumvi ninaitanguliza kwa sababu ndiyo chanzo cha yote yatakayofuata, ingawa mimi mwenyewe ilinichukua wiki nzima kuikumbuka.

Dalili zilianza taratibu. Asubuhi gari lililolala usiku kucha lilihitaji kuzungushwa stata kwa sekunde 15 au 20 kabla ya kuwaka, na likishawaka lilitetemeka kwa dakika nzima kama mtu mwenye homa, kisha likatulia na kwenda vizuri mpaka jioni. Baadaye likaanza kupoteza nguvu kwenye mlima wa kutoka Kibirizi kuelekea Mwanga, hasa tangi likiwa chini ya nusu. Chini ya gari hapakuwa na hata tone moja la dizeli, jambo lililonipotosha kuliko lolote lingine, kwa kuwa nilidhani kwamba bomba lililotoboka lazima livuje.

Nilibadilisha filta ya dizeli kwa shilingi 28,000. Gari liliwaka vizuri siku mbili, kisha likarudia tabia yake. Sasa ninaelewa kwamba nafuu ile haikutokana na filta mpya bali na kule kupampu kwa mkono, kwa pampu ndogo iliyo juu ya filta, wakati wa kuifunga, ambako kulijaza mfumo mzima dizeli na kuufukuza upepo kwa muda.

Fundi wa gereji moja hapa mjini, baada ya kulisikiliza gari kwa dakika tano, alisema kwamba pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli za injini, imechoka, ifunguliwe na ipelekwe kupimwa nje ya mkoa kwa shilingi 450,000 bila kuhesabu usafirishaji. Nilimshukuru nikaondoka. Sikuwa na ujuzi wa kumpinga, lakini fedha hizo sikuwa nazo pia, na ukata wakati mwingine humlazimisha mtu kuchunguza kwanza.

15 Juni 2025: Jaribio la dumu

Fundi ninayemtumia siku zote, kijana wa Mwanga ambaye huniita Mwalimu hata tunapobishana, alisema neno moja tu: "Mwalimu, gari linavuta upepo." Akaeleza kwamba kwenye injini hii hakuna pampu ya umeme ndani ya tangi. Dizeli huvutwa na pampu ndogo ya mapanga iliyomo ndani ya pampu ya nozeli yenyewe, kwa hiyo bomba lote kutoka tangini hadi kwenye filta, na kutoka filta hadi pampu, liko upande wa kunyonya. Tundu likitokea upande huo, injini ikiwa inanguruma, dizeli haitoki nje. Hewa ndiyo inayoingia ndani. Usiku gari likilala, hewa hupenya kwenye tundu lile na dizeli iliyomo bombani huteremka kurudi tangini, na ndiyo maana asubuhi stata huteseka.

Kwanza tulifungua kifuniko cha tangi ili kusikiliza kama kinatoa mlio wa kuvuta, kwa kuwa kifuniko ambacho tundu lake la kupumulia limeziba huleta ombwe tangini na dalili zinazofanana na hizi. Hakikulia. Ndipo tukafanya jaribio ambalo ningemshauri kila mwenye dizeli ya zamani alifanye kabla ya kununua kitu chochote.

Tulichukua dumu la lita 5 lenye dizeli safi, tukalifunga kwa kamba karibu na betri mahali lisipogusa mkanda wala bomba la moshi, tukauchomoa mpira unaoleta dizeli kwenye filta, na mahali pake tukaweka mpira mwangavu wa mita moja (shilingi 2,000) ambao ncha yake ilizama ndani ya dumu. Mpira wa kurudisha, ule unaorudisha tangini dizeli iliyozidi, nao tukauelekeza humohumo. Tulipampu kwa mkono mpaka pampu ya juu ya filta ikawa ngumu, tukawasha. Gari liliwaka mara moja, na katika mpira ule mwangavu halikupita hata povu moja. Tuliliacha lilale hivyohivyo usiku, na asubuhi yake lilishika kabla stata haijamaliza mzunguko wa tatu. Pampu ya nozeli ilikuwa nzima na nozeli zilikuwa nzima, na ugonjwa ulikuwa kati ya tangi na filta. Shilingi 450,000 zilibaki mahali ambapo hazikuwapo.

Mpira huo mwangavu ni wa majaribio tu, maana dizeli huufanya mgumu na mwishowe hupasuka.

21 Juni 2025: Kulitafuta tundu

Tulilinyanyua gari kwa jeki na kuliegesha juu ya magogo manne ya mwembe, tukachomoa waya hasi wa betri, tukaweka ndoo ya mchanga karibu. Bomba la kupeleka dizeli ni la chuma, lenye kipenyo cha nje cha milimita 8 kwa kipimo cha kalipa, na limepita ndani ya ubavu wa chasisi sambamba na lile la kurudisha, yote mawili yakiwa yameshikwa na klipu zenye mpira. Ncha zake mbili huungwa kwa vipande vifupi vya mpira, kimoja tangini na kingine mbele, karibu na filta.

Tulilitenga bomba pande zote mbili. Ncha ya nyuma tuliiziba kwa kipande cha mpira na boliti, na ncha ya mbele tukaiunga na valvu ya tyubu ya zamani ili tuijaze upepo kwa pampu ya baiskeli. Pampu ya baiskeli inatosha na kuzidi; mipigo mitatu au minne ya taratibu inafaa. Jambo la kuzingatia ni kwamba bomba liwe limetengwa kabisa na tangi, kwa sababu tangi halikutengenezwa kwa ajili ya kujazwa upepo.

Hapa tulifanya kosa lililotugharimu nusu siku. Tulipaka povu la sabuni urefu wote wa bomba unaoonekana, tukatazama kwa makini, hapakutokea povu hata moja, nasi tukahitimisha kwamba bomba ni zima na ubovu umo kwenye bomba la kunyonyea lililo ndani ya tangi. Tulikuwa tayari tumeanza kulegeza boliti za tangi. Lakini valvu ilikuwa bado imefungwa, na fundi alipoifungua ili akusanye vifaa vyake, hapakutoka mlio wowote wa upepo. Upepo tuliokuwa tumeujaza ulikwishatoka zamani, kimyakimya, mahali ambapo hatukupapaka sabuni.

Tulianza kufungua klipu moja baada ya nyingine. Chini ya klipu ya tatu kutoka nyuma, karibu kabisa na mahali ambapo mbao za bodi zina mwanya, ule mpira wa klipu ulitoka pamoja na maganda ya kutu, na chini yake palikuwa na udongo mweupe uliogandamana kama ukoko wa ugali. Nilionja kidogo kwa ncha ya ulimi. Ilikuwa chumvi.

Tulipojaza upepo tena na kupaka povu, mapovu yalitoka mahali pawili, kila tundu likiwa na ukubwa wa ncha ya sindano, na chuma kilichozunguka matundu hayo kilibonyea kwa ukucha. Sehemu zilizokuwa wazi, zenye kupigwa na upepo na vumbi la barabarani, zilikuwa na kutu ya juujuu tu. Klipu iliyowekwa ili kulilinda bomba ndiyo iliyolitoboa, kwa sababu chumvi huvuta unyevu hata wakati wa kiangazi, na unyevu ule ukishanaswa kati ya mpira na chuma haukauki.

Watu wengi hapa wangeshangaa kusikia gari la Kigoma limeliwa na chumvi, kwa kuwa Ziwa Tanganyika ni la maji baridi na magari ya hapa hayaozi kama yale ya pwani. Lakini chumvi ya Uvinza imekuwa ikichemshwa kutoka kwenye maji ya chemchemi tangu zamani sana kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914, na viroba vyake hutoa jasho. Mjomba alibeba viroba hivyo zaidi ya kilomita 100 kila safari, na jasho lake lilidondoka kupitia mwanya uleule wa mbao, juu ya klipu ileile.

22 Juni 2025: Sabuni, na kwa nini haikufaa

Nilihitaji gari siku ya Jumatatu, kwa hiyo tulijaribu dawa ya njiani inayojulikana na madereva wote, yaani kuziba tundu kwa kipande cha sabuni. Hapa kwetu sabuni ya mawese haikosekani, na ni kweli kwamba sabuni haiyeyuki ndani ya dizeli, ndiyo maana imewaokoa wengi waliotobokewa tangi porini. Kwenye tangi dizeli huisukuma sabuni kwa nje na ikivuja utaiona. Kwenye bomba la kunyonya, kila mtikisiko wa barabara huipasua, hewa huingia tena bila ishara yoyote, na vipande vyake huweza kufyonzwa hadi kwenye filta. Ilidumu kutoka Mwanga hadi Ujiji, na wakati wa kurudi gari lilizima.

Jirani mchomeleaji alijitolea kuyaziba matundu kwa kulehemu pale pale chini ya gari. Nilikataa kwa adabu. Dizeli haishiki moto kwa wepesi kama petroli, lakini mvuke uliomo kwenye bomba na tangi ukipata cheche ni habari nyingine, na isitoshe chuma kinachobonyea kwa ukucha hakina mahali pa kushika weldi.

Tulikata sentimita 20 zilizooza kwa msumeno, tukasafisha ncha kwa msasa, tukaunganisha kwa mpira na klempu (pete za kubana mpira) mbili kila upande. Mpira wa mita moja na nusu ulinigharimu shilingi 9,000 na klempu nne shilingi 4,000.

28 Juni 2025: Mpira uliovimba

Siku ya sita gari lilirudia kukataa kuwaka asubuhi. Nilipoingia chini niliukuta mpira ule mpya umevimba na kulainika kama mwiko uliolowekwa, na meno ya klempu yalikuwa yameukata nusu ya unene wake.

Muuzaji aliniambia kwamba ni mpira wa mafuta, nami nikamwamini kwa sababu ulikuwa mweusi na mnene. Ulikuwa mpira wa maji ya hita. Mpira wa aina hiyo hustahimili maji ya moto kwa miaka, lakini ukikutana na dizeli huinywa. Nilikata kipande cha sentimita 3 kilichobaki, nikakipima unene wa nje, milimita 14, nikakitumbukiza kwenye chupa ya jamu yenye dizeli. Baada ya siku tatu kilikuwa milimita 15 na nusu, na kilikuwa kinabonyea kama nyama ya fizi. Tangu hapo sinunui mpira wowote wa dizeli bila kwanza kuomba kipande kidogo na kukilaza kwenye chupa. Muuzaji asiyekubali kukikata kipande hicho ananipa jibu pia.

Fundi friji mmoja alipendekeza bomba la shaba, ambalo hukunjika kwa mkono na linapatikana hapa hapa mjini. Nililifikiria kwa siku moja, kwa sababu ni rahisi kweli. Nililiacha kwa sababu mbili: shaba huharakisha kuchakaa kwa dizeli na kuifanya itengeneze utando unaoziba filta, na mtikisiko wa muda mrefu huifanya shaba iwe ngumu hadi ipate ufa. Niliagiza bomba la chuma kutoka Dar es Salaam, mita 5 za milimita 8 zikiwa zimezungushwa kama duara, kwa shilingi 65,000, na shilingi 10,000 za kulituma kwa basi. Hapo hapo niliagiza mita 2 za mpira halisi wa mafuta kwa shilingi 24,000, na klempu sita za aina inayokazwa kwa boliti ndogo kwa shilingi 9,000. Klempu hizo hubana mduara wote kwa usawa, tofauti na zile zenye meno ambazo kwenye mpira mwembamba hubana upande mmoja na kuacha mwingine.

Kipande cha mpira wa mafuta nacho kililala kwenye chupa siku tatu. Hakikubadilika.

7 Julai 2025, Sabasaba: Kukunja bomba

Sikukuu ilitupa siku nzima. Tuliling'oa bomba la zamani likiwa zima kadiri ilivyowezekana na kulilaza sakafuni, kwa kuwa ndilo ramani ya kila kona. Bomba jipya tulilinyoosha kwa kulibingirisha juu ya ubao ulionyooka huku tukiligonga kwa nyundo ya mbao.

Kona ya kwanza tuliikunja kwa goti, bila kitu ndani. Bomba lilibonyea kama mrija wa soda, na zaidi ya mita moja ikapotea. Kona zilizofuata tulizifanya kwa njia ya zamani: tulijaza bomba mchanga mkavu, laini, uliochekechwa, tukaziba ncha zote kwa vijiti, tukalikunja taratibu tukilizungushia kwenye kipande cha bomba la maji la inchi mbili. Kona zote zilitoka mviringo.

Mchanga huo nusura utuletee hasara kubwa kuliko tundu lenyewe. Tulipoutoa kwa kugonga na kupuliza, kila mmoja wetu aliridhika kwamba bomba ni safi. Kwa bahati nilimimina nusu kikombe cha dizeli ndani yake na kuipokea kwenye kitambaa cheupe. Chembe zilizobaki hapo zingetosha kuikwangua pampu ya nozeli ambayo tulikuwa tumeinusuru mwezi uliopita. Filta ingezinasa nyingi, lakini nani anataka kuijaribu filta kwa mtindo huo? Tulipitisha waya uliofungwa kitambaa kilicholowa dizeli, tukasuuza, tukarudia, na ni mara ya tano ndipo kitambaa kilipotoka kama kilivyoingia.

Fundi friji, yuleyule wa shaba, alitufanyia kazi nzuri kwa shilingi 5,000: kwa kifaa chake cha kupanulia midomo ya mabomba alianza kuutanua mdomo wa kila ncha na kuishia njiani, akaacha kivimbe kidogo cha kuzunguka. Bila kivimbe hicho mpira huteleza kidogo kidogo hata klempu ikikazwa namna gani.

12 Julai 2025: Kufunga

Chasisi tuliisugua kwa brashi ya waya, tukaiosha kwa maji mengi ili kuondoa chumvi kabla ya rangi, tukaiacha juani siku mbili, tukapaka rangi ya kuzuia kutu. Msasa na rangi vilichukua shilingi 13,000. Klipu zilirudishwa mahali pake, lakini kila moja ilivikwa kipande cha mpira kilichochanwa upande wa chini ili maji yakiingia yapate mlango wa kutokea.

Kwenye pampu ya nozeli hatukugusa kitu, ila ninaliandika hili kwa atakayegusa: boliti yenye tundu inayoshika bomba la kurudisha huwa na maandishi OUT kichwani, na tundu lake ni jembamba kwa makusudi, kwa sababu husaidia kushikilia mgandamizo ndani ya pampu. Isichanganywe na ile ya kuingizia.

Tulipampu kwa mkono, mara sitini hivi, hadi pampu ya juu ya filta ikagoma. Gari liliwaka kwa stata ya pili.

13 Julai 2025: Mapovu yamerudi

Asubuhi stata ilizunguka sekunde 12. Niliurudisha mpira mwangavu kati ya bomba na filta, na mapovu yalipita mfululizo kama punje za ulezi.

Bomba lilikuwa jipya, mpira wa mbele mpya, klempu mpya. Mpira wa nyuma, ule mfupi wa tangini, sikuwa nimeubadilisha kwa sababu ulionekana mzima na kuufikia kunahitaji mkono wa mtoto. Nilipoukunja nikauona mgongo wake umejaa nyufa nyembamba, upande wa juu ambao kioo changu cha kuchungulia hakikuufikia. Mpira huo ulikuwa na umri wa gari. Kuubadilisha kulichukua dakika 40 na sentimita 25 za mpira niliokwisha kuulipia, na kama ningeufanya jana yake ungechukua dakika tano, kwa kuwa ncha ilikuwa wazi mbele ya macho yangu. Mapovu yalikoma baada ya dakika kumi za kunguruma.

9 Agosti 2025: Baada ya wiki nne

Gari limekwenda Uvinza na kurudi mara mbili, na Kasulu mara moja, na kila asubuhi linashika mara moja hata likiwa limelala na robo tangi. Mpira wa mbele ni mkavu na haukuvimba. Nilifungua klipu ya tatu kuangalia, nikakuta vumbi jekundu tu.

Pamoja na shilingi 50,000 za fundi kwa siku zote alizofanya kazi, jumla imefika shilingi 219,000, na kati ya hizo 41,000 zilipotea kwenye filta ambayo haikuhitajika bado, mpira wa hita, na klempu zake.

Kilichobaki ni bomba la kurudisha. Tulilisugua na kulipaka rangi, lakini chini ya klipu ileile lina mashimo madogo ambayo hayajatoboka. Likitoboka hilo litadondosha dizeli chini, kwa kuwa lenyewe halinyonyi, kwa hiyo nitaliona. Bomba la milimita 6 nimeliagiza, na chumvi nimeacha kuibeba bila turubai chini ya viroba.